Chaki ilipomwishia mwalimu, kemia ikaanza

Na MWANDISHI WETU

MSOMAJI, hebu nikuulize swali. Je, unaweza kunitajia elementi ishirini za kwanza za kemia kwa mpangilio wake bila ya kuchungulia kitabu? Kama wewe ni mwanafunzi na kesho una mtihani, pengine utazitaja upesi upesi kabla hazijakutoka. Lakini kama uliaga shule miaka kumi iliyopita, utaanza vyema, hidrojeni, heliamu, lithiamu, kisha ulimi ukwame papo hapo.

Sasa nikuulize jingine. Je, unakumbuka Abunuwasi alimwambia nini jirani yake kuhusu ile sufuria iliyozaa? Na Sungura alimponyoka vipi Simba? Naona unatabasamu. Hayo hukuyanakili daftarini wala hukuyafanyia mtihani. Uliyasikia labda mara moja, jikoni kwa nyanya, na hadi leo hayajakutoka.

Kwa nini basi ya sungura yakae na ya kemia yapotee? Wengi watasema kemia ni ngumu. Mimi nina jibu tofauti, na nililipata siku ambayo chaki ilimwishia mwalimu.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa kemia alikuwa na desturi moja. Aliingia darasani, akatujulia hali, akatupa kisogo na kuandika ubaoni hadi kengele ilipolia. Hakuwa mtu mbaya. Hakutukana wala hakukosa kipindi hata kimoja. Yeye aliandika, nasi tukanakili.

Siku moja, tukiwa katikati ya jedwali la elementi, chaki ilimwishia. Akamtuma kiranja akamletee nyingine kutoka chumba cha walimu. Kiranja alikawia. Mwalimu, asijue la kuifanyia mikono yake mitupu, aliegemea meza akaanza kutusimulia habari za mama mmoja mjane wa nchi ya baridi kali, aliyefunga safari na kitinda mimba wake kwenda kumtafutia shule. Darasa likanyamaza kama maji mtungini. Hata wale wa viti vya nyuma, ambao kwa kawaida walikuwa wakisinzia, waliinua vichwa.

Alipofika pale ambapo chuo kikuu kilimkataa yule kijana, kiranja akabisha hodi na chaki zake. Mwalimu akajikohoza, akatupa kisogo tena. Hatukuambiwa kama mwana wa mjane alipata shule.

Mwisho wa hadithi hiyo nilikuja kuujua miaka mingi baadaye, nilipoitafuta mwenyewe vitabuni. Hebu nawe uisikie.

MAMA NA KITINDA MIMBA WAKE

Kijana huyo aliitwa Dmitri Mendeleev. Alizaliwa mwaka wa 1834 mjini Tobolsk, katika jimbo la Siberia nchini Urusi, akiwa wa mwisho katika familia kubwa. Baba yake alikuwa mwalimu, lakini alipofuka macho akapoteza kazi. Mzigo wa nyumba ukamwangukia mama, Maria, aliyesimamia kiwanda cha vioo ili watoto wapate kula. Mwaka wa 1847 mume akafariki. Mwaka uliofuata kiwanda nacho kikateketea kwa moto.

Mama Maria hakukaa akajishika tama. Mwaka wa 1849 alimchukua Dmitri pamoja na dada yake, wakashika njia kuelekea Moscow, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000, wakati ambapo hakukuwa na reli ya kupita huko. Walipofika, chuo kikuu kikamkataa kijana. Wakaendelea hadi St Petersburg, na mwaka wa 1850 Dmitri akapata nafasi katika chuo alichosomea babake. Mama, kazi yake ikiwa imekwisha, alifariki mwaka huo huo.

Na chuo chenyewe kilikuwa cha nini? Cha ualimu! Naam, mtu ambaye jedwali lake linaning'inia katika kila maabara ya shule humu nchini alifunzwa kuwa mwalimu. Na jedwali lenyewe alilifikia mwaka wa 1869 alipokuwa akiandika kitabu cha wanafunzi wake. Wakati huo zilijulikana elementi 63, naye alitaka njia ya kuzipanga ili zieleweke. Alipozipanga kwa uzito wa atomu zake, aliona kuwa tabia zinajirudia baada ya kituo fulani, mfano wa siku za juma: Jumatatu hadi Jumapili, kisha Jumatatu tena.

Lakini palikuwa na matatizo. Mahali pengine elementi iliyofuata kwa uzito haikufanana kabisa na wenziwe wa safu hiyo. Mendeleev hakulazimisha. Aliacha kiti kitupu, kama mwalimu anayeita majina darasani na kujua kwamba fulani yupo, ila hajafika. Akaeleza hata sura ya huyo ambaye hajafika: uzito wake utakuwa kadha, na tabia zake zitakuwa hivi na hivi.

Mwaka wa 1875 Mfaransa aitwaye Lecoq de Boisbaudran aligundua elementi mpya, akaiita galiamu. Alipima densiti yake, yaani uzito wa kipande chenye ujazo wa sentimita mchemraba moja, akapata gramu 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameitia galiamu machoni, alisema kipimo hicho kina kasoro na kwamba jibu linafaa kukaribia 5.9. Hebu fikiria! Aliyeishika mkononi anaambiwa na asiyeiona kuwa amekosea. Mfaransa akaisafisha galiamu yake vizuri zaidi, akapima tena. Ilikuwa 5.9.

Msomaji, hiyo ndiyo hadithi iliyokatizwa na chaki. Ona ilivyobeba somo zima la kidato cha pili: kwa nini jedwali lina safu, kwa nini elementi za safu moja hufanana, na kwa nini mwanasayansi anaweza kutabiri jambo ambalo hajaliona. Sisi tulipewa jedwali tulikariri. Hatukuambiwa kamwe kuwa lilikuwa jibu la swali la mtu.

MAJI HUFUATA MKONDO

Je, nimlaumu mwalimu wangu? La hasha. Mwalimu hufundisha vile alivyofundishwa. Kabla hajapewa darasa lake la kwanza, ameketi dawatini miaka kumi na mitano au zaidi akitazama migongo ya walimu wengine. Kisha akipelekwa semina, mkufunzi husimama mbele na kumhutubia saa mbili mfululizo kuhusu ubaya wa kuwahutubia wanafunzi! Maji hufuata mkondo. Tukitaka mwalimu asimulie, sharti naye asimuliwe, na apewe nafasi ya kujaribu mbele ya wenzake.

Kenya haijakosa juhudi za kuwanoa walimu wake wa sayansi. Mwaka wa 1998 Wizara ya Elimu, kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE katika wilaya tisa, na baadaye ukaenezwa nchi nzima. Walimu wa hisabati, fizikia, kemia na bayolojia walikutana wakati wa likizo kujifunza namna ya kuliacha somo la chaki na maneno matupu. Walihimizwa watumie shughuli, wamweke mwanafunzi mbele, wafanye majaribio, na wabuni vifaa kutokana na vitu vya kawaida pale ambapo maabara ni duni. Hivi leo mafunzo ya aina hiyo huendelezwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi.

Hadithi haiji kuyafukuza majaribio hayo. Jaribio humwonyesha mtoto jambo likitendeka. Hadithi humwonyesha kwa nini mtu alihangaika kulitenda. Tena hadithi haihitaji bajeti. Shule isiyo na bomba la gesi wala mizani ya kisasa ina mwalimu mwenye kinywa na wanafunzi wenye masikio.

Na jambo hili lina uzito zaidi sasa. Katika mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 ni la Januari 2026, mwanafunzi huchagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Anayechagua ni mtoto wa miaka 14 au 15. Akiwa hajawahi kuonjeshwa utamu wa kemia, ataiacha njiani kabla hajaijua, na pamoja nayo milango ya udaktari, uuguzi na ufamasia.

FANANI KATIKA MAABARA

Sasa hebu fikiria semina ya walimu wa kemia inayoendeshwa kwa njia hii.

Siku ya kwanza mgeni wa heshima si profesa wa kemia bali ni mwalimu wa Kiswahili wa shule iyo hiyo. Ndiyo! Yeye amefundisha fasihi simulizi miaka nenda miaka rudi. Anajua sifa za fanani bora: kupandisha na kushusha sauti, kutumia mikono na uso, kuishirikisha hadhira, na kujua mahali pa kunyamaza. Walimu hawa wawili wameketi meza moja wakinywa chai ya saa nne kwa miaka mingi, wala haijawahi kuwapitikia kwamba mmoja ana dawa ya ugonjwa wa mwenziwe.

Kisha walimu wajigawe wawili wawili. Kila jozi ichague mada moja ambayo wanafunzi huiogopa, mathalani moli, umeme katika myeyusho, au chumvi. Wajiulize: ni nani aliyelihitaji jambo hili kwanza, na alikuwa na shida gani? Waandike hadithi isiyozidi ukurasa mmoja. Kipindi ni cha dakika 40, kwa hivyo hadithi isile zaidi ya dakika saba au nane.

Sehemu ngumu ni hii ifuatayo. Hadithi isisimuliwe hadi mwisho kwa pumzi moja. Ikatwe penye fundo. Mendeleev anamwambia Mfaransa apime tena: hapo mwalimu anyamaze, awaulize wanafunzi wanadhani nani ana haki, na kwa sababu gani. Wabishane. Wafungue jedwali, watazame majirani wa galiamu. Kama kuna jaribio, lifanywe hapo. Hadithi imaliziwe baada ya wao kutoa jasho. Chaki ya mwalimu wangu ilikatiza hadithi mahali pazuri mno, ila tu hakuna aliyerudi kuimaliza.

Mwishowe kila jozi isimulie mbele ya semina, na wenzao wasikilize wakiwa na maswali matatu. Je, kemia yenyewe ni sahihi? Je, historia ni ya kweli? Je, hadithi ikiondolewa, kuna somo litakalopotea? Kama jibu la swali la tatu ni la, hiyo ilikuwa porojo ya kuchangamsha baraza.

NDUGU WAWILI WASIOTOFAUTIANA SURA

Usije ukadhani hadithi zote zitoke Urusi ya kale. Zipo za hapa kwetu, na zimeua watu.

Mnamo Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru hapa Nairobi, watu walikunywa pombe haramu iliyotiwa sumu. Zaidi ya watu 100 walifariki. Wengine walinusurika wakiwa vipofu. Misiba ya namna hiyo imetokea tena na tena, ukiwemo wa mwaka wa 2014 uliokumba kaunti kadhaa, na ule wa Kirinyaga mwaka wa 2024.

Mwalimu wa kemia anaweza kuuanza mkasa huu kama ngano. Hapo zamani palikuwa na ndugu wawili, Ethanoli na Methanoli. Wote wawili ni maji maangavu. Wote wawili hushika moto. Harufu zao karibu ni moja, na mlevi hawezi kuwatofautisha kwa ulimi. Tofauti yao ni ndogo mno: Ethanoli ana atomu mbili za kaboni, Methanoli ana moja. Je, kaboni moja tu yaweza kumpofusha mtu?

Hapo ndipo pa kukata. Waache wanafunzi wachore maumbo ya hao ndugu wawili. Kisha uwaambie kinachotendeka mwilini. Ini humvunjavunja kila mmoja kwa njia ile ile. Ethanoli hugeuka hatimaye kuwa asidi ya ethanoiki, ile iliyo katika siki, ambayo mwili huweza kuitumia. Methanoli hugeuka kwanza kuwa methanali, yaani kemikali ambayo ikiwa majini huitwa formalini na hutumiwa kuhifadhia maiti, kisha kuwa asidi ya methanoiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa macho. Ndiyo sababu mtu huamka akiuliza kwa nini taa zimezimwa ilhali jua limewaka.

Na hadithi ina mzunguko mwingine. Kwa kuwa ini hutumia kimeng'enya kimoja kwa ndugu wote wawili, tena humpendelea Ethanoli, daktari hospitalini anaweza kumpa mgonjwa ethanoli kwa kipimo maalum ili Methanoli asubiri mlangoni huku akitolewa polepole. Hiyo ni kazi ya hospitali peke yake, kamwe si ya nyumbani. Mgonjwa akimbizwe huko mara moja.

Alkanoli hufundishwa katika kidato cha nne. Mwanafunzi anaweza kuikariri fomyula na kuisahau siku ya pili baada ya KCSE. Lakini aliyesikia habari za ndugu wawili ataikumbuka siku ambayo mjomba wake atashika chupa isiyo na lebo. Hapo kemia itakuwa imeokoa mtu.

HADITHI ISIWE UONGO

Pamoja na hayo, kuna hatari mbili ambazo semina isizifumbie macho.

Ya kwanza ni utamu kupita kiasi. Huenda umewahi kusikia kuwa Mendeleev aliliona jedwali lake zima ndotoni. Ni kisa kitamu, lakini kilisimuliwa na mtu mwingine, na ushahidi wake ni hafifu. Kilicho hakika ni kwamba alikuwa amehangaika nalo muda mrefu akiwa macho. Ama Mjerumani August Kekulé, yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia kuwa umbo la benzini lilimjia katika lepe la usingizi, akaona nyoka akijiuma mkia. Hata hivyo, aliyasema hayo mwaka wa 1890, miaka 25 baada ya kulichapisha wazo lake mwaka wa 1865. Mwalimu anaweza kukisimulia kisa hicho, mradi awaambie wanafunzi kuwa hayo ni masimulizi ya mzee akikumbuka ujana wake. Mtoto akiamini kuwa sayansi huja kwa ndoto, atalala.

Hatari ya pili ni kuzipa atomu roho. Wengi wetu tuliambiwa kuwa Sodiamu ana elektroni moja inayomsumbua na Klorini anatamani moja, basi wakapatana wakawa chumvi. Inasaidia kuanzia, kama vile hurafa ya sungura inavyosaidia kufundisha maadili. Lakini sote twajua kuwa sungura hasemi, na vivyo hivyo atomu haina tamaa. Vitu hivyo vinavutana kwa sababu ya chaji za umeme. Fanani mwaminifu humaliza hurafa yake, kisha akasema wazi: hapa ngano imekwisha, sasa tutazame nguvu zenyewe.

NAWE MZAZI?

Huenda unasema haya ni ya walimu na serikali. Hata kidogo. Stima ikipotea usiku na watoto wameketi kuzunguka mshumaa, nyumba yako imegeuka maabara.

Waambie watoto kuhusu Michael Faraday, mwana wa mhunzi wa Kiingereza aliyeanza maisha akijalidi vitabu vya wenyewe na kuvisoma akivishona. Alipokuwa mwanasayansi mashuhuri, alisimama mbele ya vijana jijini London wakati wa Krismasi, akawapa mihadhara sita kuhusu mshumaa peke yake. Mihadhara hiyo ya mwaka wa 1860 na 1861 ilichapishwa kuwa kitabu.

Kisha uliza: mshumaa unapowaka, kinachowaka ni nini hasa? Wengi watasema ni utambi. Uache uwake dakika chache, uuzime kwa pumzi, na mara moja ulete kiberiti kilichowashwa kwenye ule moshi mweupe unaopanda, juu kidogo ya utambi bila kuugusa. Utaona moto ukiruka, ukashuka kwenye moshi na kuuwasha utambi tena. Moshi huo ni nta iliyogeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Fanya hivyo wewe mwenyewe, pazia zikiwa mbali na watoto wakitazama. Usiwaachie kiberiti.

Nami ninapokutana na mwalimu wa kemia siku hizi, hasa kijana aliyetoka chuoni majuzi, huwa namweleza habari za chaki ile. Namwambia kuwa katika miaka yote ya sekondari, kipindi cha kemia nilichokikumbuka ni zile dakika tano ambazo mwalimu alikuwa akimsubiri kiranja. Msomaji, kama wewe ni mwalimu, usingoje chaki ikwishie. Iweke mezani, wageukie wanafunzi wako, uwaambie paukwa. Utashangaa jinsi watakavyoitikia.